Mkarafuu wa Sentimita 50



Novemba imeingia, mwezi wa kuwaombea marehemu wetu, na somo la juma hili nimepangiwa mimi. Nilikuwa nimeandaa kitu kuhusu toharani, kirefu, chenye vifungu na kila kitu. Nimekiweka pembeni. Naomba mfungue Matendo ya Mitume 9:36-43, msome taratibu, halafu mrudi hapa. Nitawasimulia pia kuhusu kitu kilichokaa juu ya meza yangu hapa Wete tangu Agosti: mkarafuu wenye urefu wa sentimita 50, uliosukwa kwa waya wa shaba. Chini yake kuna jamvi la karafuu, pakacha, na jozi ya ndara ambazo urefu wake haufiki sentimita moja na nusu.

Watoto wa mafundisho wakiuona wanauliza, "Frateri, hili pango la Noeli mbona umeanza mapema?" Siyo pango. Nautengeneza kwa ajili ya rafiki yangu.

Mimi nimezaliwa hapahapa Pemba. Wazazi wangu ni watu wa bara, baba aliletwa huku kikazi, kwa hiyo tulikuwa nyumba ya Wakatoliki katika mtaa ambao majirani karibu wote ni Waislamu. Kwetu hilo halikuwa jambo la kujadili, ndiyo maisha yalivyokuwa. Idi tulikula kwao, Noeli wakala kwetu. Nyumba ya nyuma yetu kulikuwa na kijana wa umri wangu. Jina lake sitaliandika. Mama yake ameniomba nisilitangaze, na nilipokumbuka kwamba Mtakatifu Augustino naye, katika kitabu cha nne cha Maungamo, alimlilia rafiki yake kurasa nyingi bila kumtaja jina, nikaona niko kwenye kundi zuri.

Tulikua pamoja kwa kutengeneza vitu. Ngalawa za kuchezea hasa: kipande cha mti mwepesi, matengo ya vijiti, tanga la mfuko wa nailoni. Zake zilikwenda moja kwa moja mpaka ng'ambo ya dimbwi. Zangu zilipinduka kwa sababu nilipenda tanga kubwa kuliko chombo, na kila mara alinionya, na kila mara sikusikia. Baadaye mimi nikaenda seminari ndogo, kisha Kibosho kusoma falsafa. Yeye akabaki, akawa mvuvi, na msimu wa karafuu ukifika, mchumaji.

Kwa wasomaji wa bara wanaoijua karafuu kwenye pilau tu, niseme kidogo. Miti hii ililetwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19 na ikasambaa sana wakati wa Sayyid Said. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, lakini Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka kisiwani kwetu. Kinachochumwa ni tumba la ua kabla halijafunguka, na matumba yako kwenye ncha za matawi. Kwa hiyo mtu anapanda mita 10 na zaidi, anavuta tawi kwa upembo, anachuma vichala, anajaza pakacha. Tatizo ni kwamba tawi la mkarafuu halipindi kama la mwembe. Linakatika tu. Kila mtu Pemba anamjua mtu aliyeanguka.

Yeye alianguka wakati mimi niko Kibosho, juma la mitihani. Nilipigiwa simu jioni, na alikuwa ameshazikwa, maana wenzetu Waislamu hawamcheleweshi maiti. Hata kama ningeondoka palepale, Moshi hadi Dar, Dar hadi Unguja, Unguja hadi Pemba, nisingewahi kitu. Nilibaki. Kesho yake nilifanya mtihani wa metafizikia na nikafaulu vizuri, jambo ambalo mpaka leo linanitia aibu.

Lakini hilo siyo lililonisumbua zaidi. Kwenye simu yangu kulikuwa na ujumbe wake wa sauti wa sekunde 48. Alikuwa anajenga banda lake, anapaua, ananiuliza likizo naanza lini ili nije nimshikie bati upande wa pili. Na alikuwa anacheka. Ujumbe ule ulikaa siku 11 bila jibu. Nilisema nitamjibu mitihani ikiisha.

Sasa turudi kwenye Matendo. Tabita, kwa Kigiriki Dorkasi, mwanamke wa Yopa, aliugua akafa. Wakamwosha, wakamlaza chumba cha juu. Petro alikuwa Lida, mji wa jirani, wakamwita. Alipofika, Luka hatuambii kwamba wajane walimsimulia Petro sifa za marehemu. Anatuambia walisimama wakilia na kumwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa pamoja nao. Mimi nimesoma mstari huo mara nyingi nikiwa na haraka ya kufika kwenye muujiza. Safari hii nilikwama hapo. Wale kina mama hawakuwa na hotuba. Walikuwa na nguo. Kila mshono ulikuwa umepita kwenye vidole vya Tabita, na pengine baadhi yao walikuwa wamezivaa nguo hizo wakati wanazionyesha.

Na angalieni Petro anavyofanya. Hawaambii waache mambo ya dunia wainue mioyo juu. Anaona kwanza. Halafu anawatoa nje, anapiga magoti, anasali. Nafikiri Luka ameuweka mpangilio huo kwa makusudi: sala ya Petro inakuja baada ya kuonyeshwa kile marehemu alichokuwa anakifanya. Alipopiga magoti alijua anamwombea nani.

Mimi sikuwa na nguo aliyonishonea. Ngalawa zetu zilioza zamani. Nilichokuwa nacho ni kumbukumbu ya namna alivyofanya kazi, na deni la sekunde 48. Nilipoletwa Pemba kwa mwaka wa kichungaji, usiku wa kwanza sikulala, na usiku wa pili nikaanza kuchuna waya wa shaba kutoka kwenye kebo iliyotupwa.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa, sehemu ya Prima Secundae, swali la 38, anaorodhesha dawa za huzuni. Msinicheke, shahada ya falsafa lazima itoke mahali. Anataja furaha, machozi, kuhurumiwa na marafiki, kutafakari ukweli, na mwisho, kwa utulivu kabisa, kulala na kuoga. Nampenda sana Tomaso kwa hiyo kuoga. Kazi ya mikono hakuiweka, na mimi kwa unyenyekevu wote ningeiongeza. Mikono ikiwa na kazi, kichwa kinaacha kuzunguka palepale.

Basi niwaeleze kazi yenyewe, maana baadhi ya VIWAWA wameniomba. Jambo la kwanza ni uwiano, na ni lazima uuchague mapema, usibadilishe. Nilichagua 1 kwa 20. Mkarafuu wa mita 10 unakuwa sentimita 50. Jamvi la mita 3 kwa 2 linakuwa sentimita 15 kwa 10. Ndara za mtu mzima, sentimita 27 hivi, zinakuwa milimita 13 na kitu. Ukishaukubali uwiano, huwezi tena kudanganya. Siku ya kwanza nilitaka kumwaga karafuu za kweli juu ya jamvi ili inukie. Piga hesabu: karafuu ya sentimita moja na nusu, kwa uwiano huu, ni sawa na mtu kuchuma karafuu zenye urefu wa sentimita 30. Karafuu ya kweli ingeufanya ule mti wote kuwa uongo. Nilitafuta kitu kisichofika milimita moja, cha rangi ya kahawia iliyoiva, na nikakipata barazani kwa muuza kahawa: unga unaobaki chini ya buli. Nikauanika juani siku mbili kama karafuu zenyewe.

Shina ni nyuzi za waya zilizosokotwa pamoja, kisha unaziachia kidogo kidogo kuwa matawi, kila tawi linagawanyika mpaka unabaki na uzi mmoja mmoja. Gome ni gundi ya mbao iliyochanganywa na vumbi la msumeno. Majani yalinimaliza. Jani la mkarafuu kwa uwiano huu ni milimita 5 hivi, na mti una maelfu. Nilikata karatasi iliyopakwa kijani pande mbili, jioni baada ya jioni, baada ya Masifu ya Jioni, na nilipofika kama 900 niliacha kuhesabu. Jamvi nililisuka kwa ukindu uliochanwa kwa wembe. Pakacha la sentimita 2 nilisuka mara nne, na la nne bado halijakaa sawa.

Kuna kitu nilikigundua katikati ya majani. Ili kutengeneza kitu kidogo unalazimika kukumbuka kitu kikubwa kwa usahihi, na mimi sikumbuki kwa usahihi. Upembo wake aliutundika wapi akishuka? Alivua ndara upande gani wa shina? Nilikuwa nimejiambia miaka yote kwamba namjua yule mtu kama kiganja changu. Aristotle, katika vitabu vya 8 na 9 vya Maadili ya Nikomako, anatofautisha urafiki wa faida, urafiki wa kufurahishana na urafiki wa wema, na anasema huo wa tatu unahitaji muda na kuishi pamoja. Niliyaandika hayo kwenye mtihani vizuri sana. Mwenzangu alikuwa amepanda mikarafuu misimu saba bila mimi kuwepo hata mmoja.

Kwa hiyo ilibidi niende kuuliza. Na hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu.

Nilikuwa nimeshamtengeneza yeye mwenyewe. Sentimita 8 na nusu, udongo wa mfinyanzi juu ya waya, mkono mmoja umeshika tawi. Uso ulinichukua jioni tatu. Sijisifu, lakini ulikuwa yeye, hasa namna alivyokuwa akiinamisha kichwa akikusikiliza. Nilikwenda kwa mama yake, nikamwamkia shikamoo, nikakaa, nikamwonyesha picha ya kazi yote kwenye simu. Aliitazama muda mrefu. Akasema, "Mti mzuri, mwanangu. Jamvi zuri. Lakini sanamu lake usilitie."

Sikumjibu kitu. Niliporudi nilikuwa na hasira, nakiri. Nilikuwa na hoja zote tayari. Mtaguso wa Pili wa Nisea, mwaka 787: heshima tunayoitoa kwa picha inamwendea yule anayeonyeshwa, siyo ubao wala udongo. Na hii haikuwa hata picha ya kuheshimiwa kanisani, ilikuwa kumbukumbu tu. Ningeweza kubaki nayo chumbani kwangu, yeye asijue kamwe.

Kilichonirudisha ni 1 Wakorintho 8. Mnaikumbuka: habari ya nyama iliyotolewa kwa sanamu. Paulo anakubali kwamba nyama ni nyama, sanamu si kitu, na mwenye kujua hilo yuko huru kula. Halafu anasema kama chakula kinamkwaza ndugu, hatakula nyama milele. Tuwe waangalifu hapa. Paulo anamzungumzia ndugu Mkristo mwenye dhamiri dhaifu, na mama huyu siyo dhaifu wa chochote. Dhamiri yake ina msingi wake. Ustadhi jirani yetu alinieleza kwamba katika mapokeo yao, Ibn Abbas alimshauri mtu aliyeishi kwa kuchora picha kwamba kama hana budi, achore miti na vitu visivyo na roho. Miti! Lakini njia ya Paulo ya kufikiri inatuhusu: kuwa na haki ya jambo hakunilazimishi kulifanya, na ujuzi wangu ukiwa unamuumiza mama wa marehemu, basi namkumbuka marehemu kwa faida ya nani? Hata ile hoja ya kuificha chumbani, nilipoitazama vizuri, ilikuwa tanga kubwa kuliko chombo.

Usiku huo niliweka udongo ule kwenye ndoo ya maji. Haukuwa umechomwa, kwa hiyo kufikia asubuhi ulikuwa umeyeyuka, waya tu umebaki. Nililia, na sioni sababu ya kuwaficha. Tope lenyewe nililichanganya na udongo mwekundu wa nyuma ya nyumba na kulitandaza chini ya mti.

Baadaye nilikumbuka Greccio, na nikashangaa sikuikumbuka mapema. Sote tunajua kwamba Mtakatifu Fransisko wa Asizi ndiye aliyetuanzishia desturi ya pango, Noeli ya mwaka 1223. Wengi tunadhani aliweka sanamu. Hakuweka. Alimwomba rafiki yake, Giovanni, amwandalie hori, nyasi, ng'ombe na punda, na Misa ikaadhimishwa hapo. Waliokuja ndio walioijaza nafasi. Baba Mtakatifu Fransisko alilikumbusha hilo katika barua yake kuhusu pango, aliyoitia sahihi hukohuko Greccio tarehe 1 Desemba 2019. Na huyu Fransisko wa hori lisilo na sanamu ndiye aliyekwenda miaka minne kabla, 1219, katikati ya Vita vya Msalaba, kuonana na Sultani al-Kamil kule Damieta Misri, na akarudi salama. Sitaki kulazimisha uhusiano usiokuwepo kati ya mambo hayo mawili. Naona tu kwamba yametoka kwa mtu mmoja.

Mmoja wenu aliniuliza wiki iliyopita kama tunaruhusiwa kumwombea marehemu Mwislamu. Ndiyo. Sikilizeni vizuri Sala ya Ekaristi ya Nne: Kanisa linawakumbuka waliokufa katika amani ya Kristu, na pia marehemu wote ambao imani yao inajulikana na Mungu peke yake. Lumen Gentium namba 16 inawataja Waislamu kwa jina miongoni mwa walio ndani ya mpango wa wokovu, na Nostra Aetate ya 1965 inasema Kanisa linawatazama kwa heshima. Hatumwombei kwa kumgeuza kuwa asichokuwa. Mimi simwekei msalaba kwenye mti wake. Nia ya Misa naitoa, jina lake nalitaja kimoyomoyo, inatosha.

Swali gumu zaidi nililiuliza mwenyewe. Augustino, akitazama nyuma, anajilaumu kwamba alimpenda mtu wa kufa kana kwamba hatakufa, akaimimina roho yake kama maji kwenye mchanga. Je, jioni zangu zote hizi za majani ya karatasi ni ibada au ni kukataa kukubali? Sina hakika kamili. Kipimo ninachotumia ni kidogo tu: je, kazi hii inanifunga chumbani au inanitoa nje? Mwezi wa kwanza ilinifunga, nasema kweli. Tangu siku ya ndoo imenitoa. Nimekwenda kwa mama yake mara sita. Nimewajua wadogo zake. Lile banda, kumbe, lilibaki bila bati upande mmoja, na mwezi uliopita mimi na mdogo wake tulipanda tukamalizia. Yeye alipigilia misumari, mimi nikashika upande wa pili.

Jumamosi iliyopita niliupeleka mti kwao kwa mara ya kwanza, ndani ya boksi, juu ya mapaja yangu, kwenye gari ya abiria kwa sababu dereva wa bodaboda alikataa kunichukua na ule mzigo. Niliuweka barazani. Watoto walijaa. Mama alipiga magoti akautazama kutoka chini, kama mtu anayeangalia nani yuko juu. Akagusa jamvi kwa ncha ya kidole. Akacheka kwa sababu ya pakacha. Kuhusu ndara akasema hapana, hakuwa akizivua upande huo, alizivua upande wa njia, "yeye akishuka hataki kuzunguka."

Halafu akasema mti wenyewe nimeukosea. Ule wa nyuma ya nyumba, tuliojifunzia kupanda sote wawili, umeinamia bondeni. Mimi nimeusimamisha wima. Tulikwenda kuuangalia, na kweli umeinama, tena sana, sijui nilikuwa nautazama vipi miaka yote ile.

Nimerudi nao Wete. Nimelegeza waya wa chini na nimeanza kuupinda taratibu, maana ukienda haraka gome linapasuka na majani yanadondoka. Yamedondoka 40 mpaka sasa. Jumamosi nitaurudisha aukague tena.